Nitajuaje kama makao ya wazee yanatoa huduma nzuri?

Swali: Mama yetu ana miaka 82. Alipata kiharusi kilichomlemaza upande wa kulia, maneno yanamtoka kwa shida, na kumbukumbu zimeanza kumpotea. Nyumbani tumeshindwa, hakuna wa kumwinua wala kumgeuza usiku. Mimi na ndugu zangu tumekubaliana kumtafutia makao ya wazee, na tumetembelea mawili. Ya kwanza ni mapya, yana bustani na kila mzee ana chumba chake. Ya pili ni jengo la zamani, rangi imechujuka, lakini tulipokelewa kwa ukarimu. Kote tumeambiwa huduma ni ya hali ya juu. Tutajuaje ukweli kabla ya kumpeleka, na baada ya kumpeleka?

Jibu: Poleni sana, dada, wewe na ndugu zako. Mmefanya vyema kuuliza mapema. Maswali yanayoulizwa kabla ya kutia saini hujibiwa kwa makini kuliko yale yanayoulizwa mzee akiwa ameshaumia.

Nianze na jambo ninaloliamini kuliko mengine yote katika uuguzi wa wazee. Mkifika kwenye makao, msiipime huduma kwa mzee anayekuja mlangoni kuwasalimu. Mtafuteni yule asiyeweza kuja. Kila makao yana mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, asiyeweza kushika kikombe, asiyeweza kusema "nina kiu" wala "naumia". Mwenye sauti atahudumiwa hata mahali pabovu, maana ataita, atalalamika, atawapigia simu wanawe. Asiye na sauti hupata kile tu ambacho wahudumu wamezoea kutoa bila kuombwa. Kwa maelezo yako mama yenu yuko kundi hilo, kwa hiyo maswali yenu yote yaelekee huko: mtu wa hali yake anaishije hapa?

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, aliandika makala ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kupima huduma za afya. Alitaka tutazame mambo matatu: vilivyopo, yaani majengo, vifaa na watumishi, yanayofanyika, yaani huduma yenyewe inavyotolewa siku hadi siku, na matokeo, yaani yanayompata mgonjwa mwishowe. Bustani na vyumba vipya mlivyoonyeshwa vimo katika kundi la kwanza, na hata humo si vya kwanza kwa uzito. Jengo lina mambo yake ya lazima: milango inayopitisha kiti cha magurudumu, vishikio bafuni, mwanga wa usiku, kengele iliyo karibu na mkono wa mzee. Yakiwepo hayo, rangi iliyochujuka haimdhuru mtu.

Wako wangapi usiku?

Kilicho kizito katika kundi hilo ni watu. Ulizeni wahudumu wangapi wako zamu asubuhi, wangapi jioni, wangapi usiku, na kila mmoja anabeba wazee wangapi. Ulizeni kama muuguzi aliyesajiliwa yupo saa zote au hupigiwa simu tu panapotokea tatizo. Ripoti iliyowasilishwa kwa Bunge la Marekani mwaka 2001 ilikadiria kuwa mkazi wa muda mrefu wa makao ya wazee anahitaji takriban saa 4.1 za wauguzi na wahudumu kwa siku, ukiwajumlisha wote, na kwamba chini ya hapo uwezekano wa huduma kuharibika ni mkubwa. Kati ya saa hizo, karibu 2.8 ni za wahudumu wa kawaida, wale wanaoogesha, wanaolisha na wanaogeuza.

Makadirio hayo si sheria kwenu, lakini yanawapa njia ya kupiga hesabu. Wahudumu 3 kwa wazee 40 katika zamu ya saa 8 ni dakika 36 kwa kila mzee. Humo mna kuoga, kuvaa, choo na chakula. Mtu aliyepata kiharusi, anayelishwa taratibu ili asipaliwe, anaweza kumaliza dakika 30 kwa mlo mmoja. Hapo mnaelewa kwa nini mahali penye watu wachache hata mhudumu mwenye moyo mwema hulazimika kuharakisha, na anayeharakishwa zaidi ni yule asiyepinga.

Msimuulize meneja peke yake. Muulizeni mhudumu mnayekutana naye ukumbini amefanya kazi hapo muda gani. Kama karibu wote ni wa miezi michache, kuna jambo linalowafukuza. Kwa mtu anayepoteza kumbukumbu, sura zinazobadilika kila mara ni hofu mpya kila asubuhi; na mhudumu mgeni hawezi kugundua kwamba leo bibi huyu ni mnyonge kuliko jana, kwa kuwa jana hakuwepo.

Mwili unaeleza

Kipimo ninachokitegemea sana ni ngozi. Vidonda vya mgandamizo, ambavyo wengi tunaviita vidonda vya kulalia, hutokea pale mfupa unapoikandamiza ngozi muda mrefu hadi damu isifike: chini ya mgongo, nyongani, visiginoni, kisogoni. Huanza ngozi ikiwa bado nzima, na katika hatua ya nne kidonda huwa kimefika kwenye msuli au mfupa. Vingi vinazuilika kwa kumgeuza mtu kwa ratiba, kumweka mkavu, kumpa godoro linalofaa na kumlisha vya kutosha. Ndiyo maana kidonda kilichoanzia ndani ya makao hueleza habari za usiku mwingi ambao ninyi hamkuwepo.

Ulizeni: wazee wangapi wana vidonda sasa hivi, na kati yao wangapi walivipatia humu? Jibu la pili ndilo lenye uzito, maana wengine huletwa navyo kutoka hospitali au nyumbani. Ulizeni pia wanamjuaje aliye hatarini. Kipimo cha Braden, kilichochapishwa mwaka 1987, humpa mtu alama kati ya 6 na 23. Alama zikishuka hatari inapanda, na kwa kawaida kuanzia 18 kushuka chini mtu huhitaji mpango wa kumkinga. Si lazima watumie hicho, lakini wawe na kipimo fulani, kiwe kimeandikwa kwenye faili, na ratiba ya kumgeuza iwe ya mtu huyo, si ya jengo zima.

Kuna swali moja ambalo familia nyingi hazijui kuliuliza. Mafunzo mengi husisitiza wekundu wa ngozi kuwa dalili ya kwanza, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi. Kinachoonekana ni eneo lililobadilika rangi kuliko ngozi ya jirani yake, mara nyingi jeusi zaidi au la zambarau. Au linalohisiwa kwa vidole kuwa na joto au baridi, gumu au laini isivyo kawaida. Au mzee anakunja uso likiguswa. Mwambieni muuguzi awaeleze anavyokagua ngozi ya mzee mweusi. Anayeifahamu kazi yake atawaeleza huku akionyesha kwa mkono.

Baada ya ngozi ni uzito. Mzee apimwe siku anayoingia na angalau kila mwezi. Kupungua asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja au asilimia 10 ndani ya miezi 6 bila kukusudia ni kengele ya hatari. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ya kwanza ni kilo 3 tu, kiasi ambacho nguo huficha. Ulizeni kinachofanyika mzee akipungua hivyo. Jibu zuri litataja daktari, kinywa na meno, dawa anazomeza, na namna anavyolishwa. Jibu la "ni umri" halitoshi.

Kuhusu maji nitasema kifupi: hisia ya kiu hupungua uzeeni, kwa hiyo kumsubiri mzee aombe ni kumwacha akauke. Tazameni kikombe kilipo. Kwa mama yenu kiwe upande wa kushoto, wenye mkono unaofanya kazi. Mkikuta wazee waliopooza wamewekewa kikombe na kengele upande uliokufa, mmejifunza jambo kubwa bila kumuuliza mtu.

Na wale wenye mpira wa mkojo, ulizeni wamewekewa kwa sababu gani. Kuwarahisishia wahudumu kazi si sababu. Mpira huleta maambukizi, na kila mmoja unapaswa kuwa na sababu ya kitabibu iliyoandikwa pamoja na tarehe ya kuufikiria upya.

Nendeni saa ya chakula

Mkipata nafasi moja tu ya kurudi, rudini wakati wa mlo, na ikiwezekana iwe jioni au mwisho wa wiki, wakubwa wa ofisi wakiwa wameshaondoka. Ombeni ruhusa mkae pembeni, kisha mtazame.

Anayelisha ameketi, uso wake uko sawa na wa mzee, au amesimama akimimina kijiko kutoka juu? Analisha mmoja, au ana bakuli tatu mbele yake na anazunguka? Anangoja mzee ameze kabla ya kijiko kingine? Mzee amekaa wima, au amelazwa nusu? Hili la mwisho ni suala la uhai. Kiharusi mara nyingi huharibu umezaji, na chakula au mate yakiingia njia ya hewa huleta nimonia. Mtu wa hali ya mama yenu apimwe umezaji kabla ya kupewa chakula cha kawaida, vinywaji vyake vifanywe vizito endapo mtaalamu ameagiza hivyo, abaki wima kwa muda baada ya kula, na kinywa chake kisafishwe kila siku, maana bakteria wa kinywani ndio wanaoshuka mapafuni.

Tazameni pia sahani zinazorudi. Sahani ikiondolewa ikiwa imejaa na hakuna aliyeuliza kwa nini wala kuandika, basi hakuna anayejua huyo mzee anakula nini. Tazameni miwani kama imefutwa, meno ya bandia kama yamevaliwa au yako kwenye droo, vifaa vya kusikia kama vina betri. Mzee asiyeona wala kusikia vizuri huonekana amechanganyikiwa zaidi kuliko alivyo.

Wasikilizeni wahudumu wanavyosema. Wanamwambia mzee wanachotaka kumfanyia kabla ya kumgusa? Wanamwita kwa jina lake na heshima yake, au wanaongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo? Kengele ikilia, hesabuni dakika. Na harufu: ya chumba kimoja baada ya mtu kujisaidia ni ya kawaida na itaondoka, ya mkojo inayojaa ukumbi mzima kila mnapokuja ni watu wanaoachwa wamelowa.

Kufungwa, kulazwa kwa dawa, kuanguka

Mambo haya matatu hufuatana. Makao yenye watu wachache huogopa wazee kuanguka, na njia nyepesi ni kuwazuia wasiinuke: mkanda kwenye kiti, meza inayofungia mapajani, kiti kirefu ambacho mtu hawezi kujitoa, au vidonge vya kumtuliza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 kuhusu makao ya wazee ilimpa mkazi haki ya kutofungwa wala kupewa dawa kwa ajili ya adhabu au kwa ajili ya urahisi wa wahudumu. Haki hiyo inafaa kudaiwa popote. Mtu anayefungwa hupoteza nguvu za miguu, hupata vidonda, hukakamaa viungo, na akifanikiwa kujifungua huanguka vibaya zaidi.

Kuhusu dawa, mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kali kwamba dawa mpya za kutibu saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au asikie yasiyokuwepo, zikitumiwa kwa wazee wenye dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hufanya hatari ya kifo iwe takriban mara 1.6 hadi 1.7 ya ile ya wanaopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2008 onyo hilo likaenezwa hadi kwa zile za zamani. Hazijapigwa marufuku, na kuna nyakati chache zinapohitajika. Lakini ulizeni ni wazee wangapi wanazitumia, nani huziagiza, na zinapitiwa upya lini. Ukumbi uliojaa wazee wanaosinzia saa 4 asubuhi usiufurahie kwa utulivu wake.

Kwa hiyo makao yanayojivunia kwamba hakuna mtu anayeanguka hunitia wasiwasi. Wazee wanaotembea huanguka mara mojamoja. Swali lenye faida ni hili: mara ya mwisho mtu alipoanguka, mlibadilisha nini? Mahali pazuri watakueleza kwamba walikagua dawa, wakampima presha akiwa amelala na akiwa amesimama, wakabadili viatu, wakagundua kwamba huinuka usiku kutafuta choo, na sasa humpeleka kabla hajainuka.

Maumivu nayo yanahitaji macho. Kwa watu wasioweza kusema kuna vipimo vya kutazama. Kimoja, PAINAD cha mwaka 2003, huangalia upumuaji, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anabembelezeka. Waulizeni wanajuaje kwamba mtu wa namna hiyo anaumia. Mzee anayempiga mhudumu kila anapoogeshwa huenda ana bega linalouma, na mara nyingi bega hilo ni la upande uliopooza.

Ana uamuzi wowote?

Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti walioufanya katika makao ya wazee huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja walihimizwa kujiamulia mambo yao na wakapewa mmea wa kuutunza wenyewe. Wa ghorofa nyingine waliambiwa wahudumu ndio watakaowashughulikia, na mimea yao ikamwagiliwa na wauguzi. Wale wa kwanza walionekana wachangamfu na wenye shughuli zaidi. Jambo dogo sana, na bado makao mengi hayalitoi. Ulizeni: mama anaweza kuchagua saa ya kuamka? Anaweza kuchagua kuoga asubuhi au jioni, na kuhudumiwa na mwanamke? Kama wote huamshwa saa moja kwa ajili ya ratiba ya zamu, mjue ratiba ndiyo inayotawala.

Kama kuna chombo cha serikali kinachokagua makao, someni ripoti yake nzima badala ya alama ya juu. Wakaguzi wa Uingereza, CQC, huuliza kama huduma ni salama, ina ufanisi, ina utu, inaitikia mahitaji ya mtu, na inaongozwa vizuri. Hayo ni maswali mazuri hata pasipo mkaguzi. Marekani imekuwa ikiyapa makao nyota 1 hadi 5 tangu 2008, na kwa miaka ya mwanzo idadi ya wahudumu iliyoingia kwenye nyota hizo ilitoka kwa makao yenyewe; kuanzia 2016 yakatakiwa kutoa takwimu za saa za kazi zinazothibitika kwa kumbukumbu za mishahara. Kwa hiyo, kila mkionyeshwa alama, ulizeni nani aliyetoa takwimu. Kwenye ripoti tafuteni kosa lililojirudia ukaguzi baada ya ukaguzi. Kosa la mara moja lililorekebishwa halinitishi.

Kati ya hayo mawili

Kwa mliyoniandikia, bado siwezi kuwachagulia. Ukarimu kwa wageni ni mzuri, ila wageni ni watu wenye sauti. Rudini kote kuwili jioni bila taarifa. Mkikatazwa kabisa kuingia bila miadi, hata ukumbini, hilo ni jibu. Linganisheni zamu ya usiku, vidonda vilivyopatikana ndani, na mlo. Mpelekeni mama mwenyewe akakae saa chache. Hata asiyesema vizuri huonyesha kwa uso na kwa mkono mahali anapostarehe. Mkiona vinalingana, chagueni palipo karibu na yule kati yenu atakayekwenda mara nyingi, hata kama jengo ni la zamani. Ndugu anayefika mara kwa mara ni ulinzi ambao hakuna bustani itakayoutoa.

Siku ya kumwingiza, apimwe uzito na ngozi yake ikaguliwe mbele yenu, iandikwe, nanyi mbaki na nakala pamoja na orodha ya dawa zake. Waandikieni ukurasa mmoja kumhusu: anaitwaje, alifanya kazi gani, anapenda nini, anaogopa nini, akikunja uso kwa namna fulani anamaanisha nini. Ombeni kikao cha mpango wa huduma katika wiki za mwanzo, na mwulize jina la muuguzi anayewajibika kwake.

Baadaye tembeleeni kwa saa zinazobadilika. Huzuni kidogo na kupungua hamu ya kula siku za mwanzo hutokea kwa wengi. Kila mkienda, mfungueni taratibu kiganja cha mkono wa kulia, maana mkono uliopooza hujikunja ngumi: tazameni kama kimeoshwa, kama kucha zimekatwa, kama vidole vinanyooka kama mwezi uliopita. Tazameni visigino na ulimi. Mkiona kasoro, semeni kwa muuguzi wa zamu siku hiyohiyo, andikeni tarehe na jina lake, ulizeni kitafanyika nini na lini, kisha mrudi siku waliyoitaja kuangalia. Isipofanyika, andikeni barua kwa msimamizi, na baada yake kwa chombo cha ukaguzi.

Lakini mkimkuta ghafla amechanganyikiwa kuliko kawaida, au amelala mno, hanywi, ana homa, anapumua kwa shida, au uso na maneno yamebadilika, msingoje kikao chochote wala msikubali kuambiwa ni uzee. Mabadiliko ya ghafla yana chanzo: maambukizi, ukavu wa maji, dawa mpya, choo kilichofunga, au kiharusi kingine. Daktari amwone siku hiyohiyo. Na kama ni uso, maneno au pumzi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.